Mtula usioujua: namna ya kuutambua, kuukausha na kuuandikia kumbukumbu

Mwaka 2000, katika Msitu wa Hifadhi wa Ruvu mkoani Morogoro, wakusanyaji wa mimea walikata tawi la mtula, yaani kichaka cha jamii ya ndulele (kisayansi Solanum), wakalikausha na kulihifadhi. Ruvu hii si ile ya Mkoa wa Pwani. Ni ile iliyo chini ya milima ya Uluguru, upande wa Kimboza, kwenye mawe ya chokaa, anakoishi yule mjusi mdogo wa buluu asiyepatikana kwingine duniani ila kwenye vimisitu vichache vya eneo hilo. Mwaka 2010, mtaalamu wa mimea Maria Vorontsova, pamoja na Frank Mbago wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha maelezo ya kichaka hicho na kukipa jina: Solanum ruvu. Kilipopata jina, msitu kilimotoka ulikuwa umeharibiwa vibaya, na hapakuwa na mahali pengine palipojulikana kuwa nacho. Yawezekana kabisa kimeshatoweka.

Tunajua kwamba kichaka hicho kiliwahi kuwepo kwa sababu mtu alisimama, akakata tawi na kuandika alikolikata. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo hasa. Nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa biolojia, bwana misitu, mwanafunzi, mkulima anayeishi ukingoni mwa msitu, na yeyote anayepita kila siku karibu na vichaka vyenye miiba bila kuvitazama mara mbili. Jamii hii inapuuzwa kuliko nyingi. Mtu akiona majani ya kijivu, miiba na tunda la njano husema "ndulele hiyo," akaendelea na safari. Mwaka huohuo wa 2010, spishi tatu za Kenya, Solanum agnewiorum, Solanum malindiense na Solanum polhillii, zilitangazwa kuwa mpya kwa sayansi, na mimea mikavu iliyokusanywa zamani ndiyo iliyosaidia kuzitambua. Wakusanyaji walishakata matawi yake, yakawa yanasubiri kabatini mtu wa kuyatazama vizuri.

Kwanza, ijue ndulele ya kawaida

Huwezi kuutambua mtula mgeni kama huufahamu wa nyumbani. Ndulele ya barabarani, ambayo Pwani na Visiwani wengi huiita mtunguja, Wakikuyu mutongu na Wamaasai entulelei, kwa miaka mingi iliandikwa vitabuni kuwa Solanum incanum. Siku hizi wataalamu wameitenganisha. Sehemu kubwa ya ndulele ya Afrika Mashariki ni Solanum campylacanthum, jina linalomaanisha "mwiba uliopinda," na incanum yenyewe imebaki kuwa ya maeneo makavu zaidi ya kaskazini. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinasema incanum, usibishane nacho, ila jua kwamba jina limehama.

Nenda kando ya barabara ukaishike moja. Ni kichaka cha kufika kiunoni au kifuani. Majani ni laini kama kitambaa cha sufu, ya kijani chenye ukijivu, na upande wa chini umepauka. Maua ni ya zambarau yenye umbo la nyota. Tunda changa ni la kijani lenye mabaka, likiiva linakuwa la njano, na ukubwa wake ni kama gololi kubwa au kupita kidogo. Ukivunja tunda utaona mbegu nyingi bapa za rangi ya kahawia, mithili ya zile za biringanya. Undugu upo kweli, kwani biringanya ni Solanum melongena, na ndulele ni binamu yake wa karibu.

Baada ya hiyo jifunze nyingine nne zinazoonekana sana. Solanum aculeastrum, mtura wa Wakikuyu, ni wa nyanda za juu na hupandwa kuwa ua wa boma. Miiba yake imepinda kama kucha za paka, majani ni meupe chini, na tunda ni kubwa kama limao. Solanum giganteum hurefuka na kuwa kama mti mdogo, shina lina miiba, majani ni mapana yenye weupe chini, na matunda ni madogo mekundu kwenye vishada vikubwa. Solanum anguivi ina vitunda vya mviringo vyekundu, vya ukubwa wa njegere au kuzidi kidogo. Ya nne ni Solanum mauritianum, mgeni kutoka Amerika Kusini aliyeenea nyanda za juu. Haina mwiba hata mmoja, majani yake ni laini mno, na kwenye kikonyo cha jani kuna vijani viwili vidogo vilivyosimama kama masikio. Hii ukiiona usihangaike nayo sana, ina watu wa kutosha wanaoipiga vita.

Pwani kuna pia Solanum zanzibarense, yenye kutambaa na kukwea, ambayo miiba yake ya ndoano hukuvuta shati unapopita. Ukishazijua hizi, ile usiyoijua itakusimamisha yenyewe.

Namna ya kuhakiki kwamba ni Solanum

Tazama ua. Petali tano zimeungana chini zikafanya nyota au kisahani. Katikati kuna vifuko vitano vya njano vya chavua, vimesimama pamoja kama koni. Chukua lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 uangalie ncha za vifuko hivyo: kila kimoja kina vitundu vidogo juu. Chavua haitoki kwa kifuko kupasuka ubavuni kama ilivyo kwa maua mengine mengi. Hutoka kwa vitundu hivyo, kama chumvi kwenye kichupa chake. Ukikaa asubuhi karibu na mtula wenye maua utasikia jambo hili kabla hujaliona. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa boriti za nyumba, hukumbatia koni na kutetemesha kifua. Mlio wao hubadilika ghafla ukawa mwembamba na mkali, na chavua inawamwagikia tumboni.

Halafu geuza jani uweke lenzi upande wa chini. Kwenye mitula yenye miiba utaona vinywele vyenye umbo la nyota, kila kimoja kina mikono kadhaa iliyotandazwa kutoka sehemu moja. Mara ya kwanza nilipoviona nilikaa chini nikatazama jani moja kwa muda mrefu. Ule ulaini wa sufu unaoupapasa kwa kidole ni maelfu ya nyota zilizofungamana. Vinywele hivi ni ushahidi mkubwa. Idadi ya mikono, urefu wa ule wa katikati, na kama nyota imekaa juu ya kikonyo au imelala juu ya jani, yote hayo hutofautisha spishi na spishi. Ndiyo maana jani likiozea kwenye gazeti la kukaushia, umepoteza nusu ya habari.

Ruhusa

Kupiga picha kando ya barabara hakuhitaji barua. Kukata tawi ni jambo lingine. Tanzania, msitu wa hifadhi wa serikali kuu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Msitu wa kijiji uko chini ya serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Kazi ikiwa ni ya utafiti, kibali kinapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya utaanzia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa kibali cha utafiti, na KFS, shirika la misitu la Kenya, kwa msitu wenyewe. Ukiwa mwalimu au mwanafunzi, njia rahisi na salama ni kuzungumza kwanza na hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa, ili ufanye kazi chini ya mwavuli wao. Kusafirisha sampuli au mbegu nje ya nchi kuna taratibu zake, na hilo usilifanye kwa mkono wako hata ukiombwa na rafiki.

Kijijini ripoti kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya kuingia msituni. Omba mwenyeji wa kukuongoza, na muda wake umlipe.

Vifaa

Hivi vyote unavipata sokoni au kwa fundi:

- fremu mbili za mbao za kubania mimea, za sentimita 30 kwa 45 hivi, fundi seremala atakupigia kwa mabanzi yaliyopishana, na mikanda miwili ya kukazia (mipira ya baiskeli inafaa);
- magazeti ya zamani, mengi kuliko unavyodhani, na vipande vya maboksi yenye mawimbi ndani vyenye ukubwa wa fremu;
- mkasi wa kupogolea, kisu kikali, na glavu nene za ngozi;
- lenzi ya mkono, rula, na kipimio cha futi cha fundi;
- daftari lenye jalada gumu na penseli. Wino wa peni husambaa ukilowa, na msituni utalowa;
- simu yenye kamera na GPS;
- vichupa vyenye vifuniko vinavyobana na spiriti kwa ajili ya matunda;
- silika jeli kidogo (vile vipunje vinavyofyonza unyevu) na vifuko vya karatasi ya chai, ukitaka kuhifadhi jani kwa ajili ya vinasaba.

Tazama kabla ya kukata

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Mkasi unatoka mfukoni kabla ya macho kufanya kazi. Kuna mambo ambayo mmea ukishakauka hayatarudi tena: rangi ya ua, rangi ya tunda, harufu, urefu, na namna kichaka kilivyosimama. Mtaalamu aliye Nairobi au London atakuwa na karatasi kavu ya kahawia mbele yake, na rangi atazijua kwa kalamu yako tu.

Kwanza hesabu. Zunguka eneo uone vichaka vya aina hiyo viko vingapi. Mimi hufuata kanuni ya ishirini: visipofika 20 mahali pale, sikati tawi kubwa wala sing'oi chochote. Ninapiga picha, nachukua jani moja na ua lililoanguka, kisha naandika kwamba ni vichache. Idadi yenyewe ni taarifa kubwa.

Kisha piga picha kwa mpangilio huu: kichaka kizima pamoja na mazingira yake, tawi moja, jani upande wa juu, kisha upande wa chini, miiba ya shina kwa karibu, ua kutoka mbele na kutoka ubavuni, shada zima la maua, tunda changa, tunda lililoiva, tunda lililokatwa katikati. Weka rula kwenye angalau picha tatu. Picha moja nzuri ya kichaka kizima huwafurahisha watu, ila mitula haitofautishwi kwa picha hiyo.

Sasa andika. Urefu wa kichaka ni mita ngapi? Kimesimama, kinatambaa au kinakwea? Miiba iko wapi: kwenye shina tu, kwenye mishipa ya majani, kwenye kile kikombe cha kijani kinachoshika tunda? Imenyooka au imepinda, na imepinda kuelekea wapi? Miiba ya mitula hutoka kwenye ganda la nje na haitokani na mti wa ndani, kwa hiyo huchomoka ukiisukuma kwa kidole gumba chenye glavu. Shina lisilo na mwiba chini linaweza kuwa limepoteza miiba kwa uzee tu. Chunguza matawi machanga.

Maua yana siri moja. Kwenye mitula mingi ya miiba, shada moja hubeba maua ya aina mbili. Lile la chini kabisa, au machache ya chini, yana sehemu kamili ya kike inayochomoza kupita koni ya njano, na hayo ndiyo yanayozaa. Ya juu yana kijiti kifupi kilichofichika ndani ya koni, kazi yake ni kutoa chavua tu. Ndiyo maana unaona shada la maua sita likiwa na tunda moja. Hakikisha umechukua aina zote mbili, na uandike ngapi ziko juu na ngapi chini.

Kwa matunda, andika rangi mbili kila mara, ya uchanga na ya kuiva. Changa lina mabaka au halina? Likiiva ni jekundu, la chungwa, la njano iliyokolea au iliyopauka? Lina ncha? Spishi nyingine iliyotangazwa mwaka 2010, Solanum phoxocarpum wa milimani, imepata jina lake kwa tunda lenye ncha. Mtu aliyeandika "tunda la njano" akaishia hapo, umbo asiligusie, alikuwa ameacha nje kitu kilichokuja kuupa mmea jina.

Usionje. Jamii hii ina alkaloidi zenye sumu, hasa kwenye matunda mabichi, na ng'ombe na mbuzi wamewahi kudhurika nazo. Tunda zuri la njano humvutia mtoto, kwa hiyo mkiwa na wanafunzi lisemeni mapema. Nawa mikono kabla ya kula.

Muulize mwenyeji

Usianze kwa kusema jina wewe. Ukimuuliza mzee, "Hii si ndulele?" atakuitikia kwa heshima, na umeshapoteza jibu lake. Amkia kwanza, "Shikamoo mzee," acha aulize safari, kisha mwonyeshe tawi umuulize: "Huu mnauitaje kwa lugha ya hapa?" Halafu: "Uko tofauti na ule wa kule barabarani?" Swali la pili ndilo lenye uzito. Mara nyingi mtu aliyechunga mbuzi tangu utoto anajua aina tatu au nne ambazo kwenye vitabu zimeunganishwa chini ya jina moja, na atakuambia ipi mbuzi anaigusa na ipi haigusi.

Liandike jina lilivyotamkwa, utaje na lugha yenyewe. Akikuambia matumizi ya dawa, mwombe idhini kabla ya kuyaandika, na akisema yabaki pale, yabaki. Ujuzi huo ni wake.

Kukata na kubana

Chagua tawi lenye majani, maua na matunda kwa pamoja, la kuenea kwenye gazeti lililokunjwa. Tawi lenye majani tu halitoshi kutambulisha mtula, hata liwe zuri vipi. Matunda yakiwa kwenye tawi jingine la kichaka kilekile, kata yote mawili. Chukua nakala tatu au nne kutoka kichaka kilekile kama kinaruhusu, zote zipewe namba moja.

Bana palepale. Majani ya mitula hunyauka upesi, yakajikunja na kushikana, na petali hujifunga. Ukibeba tawi kwenye mfuko hadi jioni utakuwa na kitu cha kuhurumia.

Fungua gazeti juu ya fremu, laza tawi, na ugeuze angalau jani moja ili upande wa chini uonekane. Miiba mirefu itatoboa gazeti na kuzuia majani yasilale bapa. Weka boksi upande wa miiba na ukaze polepole, usiivunje kwa hasira, kwa kuwa inahitajika. Maua mawili au matatu yafungue kwa kidole na uyalaze yakiwa wazi, kisha uyafunike kwa kipande cha karatasi laini ya chooni yasigande kwenye gazeti. Yanayoanguka yaweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi yenye namba ileile, usiyatupe.

Matunda yana shida yake. Tunda zima la mtula ni mfuko wa maji, na ukilibana litaoza na kuozesha jani lililo jirani. Nilishawahi kupoteza mkusanyo mzima wa siku mbili hivyo. Nilifungua gazeti nikakuta ukungu mweupe umetambaa kutoka kwenye tunda moja hadi kwenye maua yote, na kichaka chenyewe kilikuwa umbali wa saa tano za kutembea. Tangu siku hiyo tunda moja nalikata vipande vyembamba kwa urefu na jingine kwa upana, navikausha kando, halafu naviweka kwenye bahasha. Tunda la tatu linakwenda zima kwenye kichupa cha spiriti, na ndani ya kichupa nazamisha kijikaratasi chenye namba iliyoandikwa kwa penseli. Namba ya nje kwenye kifuniko haitoshi, vifuniko hubadilishana.

Kwa vinasaba, kata vipande vya jani changa lenye afya, uvitie kwenye kifuko cha chai, uzike kifuko ndani ya silika jeli iliyo nyingi kama mara kumi ya uzito wa jani. Likikauka ndani ya siku moja umefanya vizuri.

Kukausha

Siku tatu au nne za mwanzo badilisha magazeti kila siku, asubuhi ikibidi na jioni. Usihamishe mmea bila namba yake. Weka maboksi yenye mawimbi kati ya magazeti ili hewa ipite kwenye mifereji, na usimamishe fremu kwa ubavu mahali penye upepo na jua lisilo kali.

Msimu wa mvua utahitaji joto. Kichanja juu ya jiko la mkaa lililokwisha kukolea, moto ukiwa makaa tu, kinafanya kazi, mradi joto liwe la kustahimilika: mkono ukikaa pale kwenye fremu dakika nzima bila kuungua, ni sawa. Joto kali hupika majani, rangi ikaharibika na vinywele vikakunjamana. Na usiondoke ukaliacha jiko peke yake, magazeti makavu hayasubiri.

Utajuaje limekauka? Gusisha jani shavuni. Likiwa baridi, bado lina maji.

Lebo

Sampuli isiyo na lebo ni majani makavu, haina thamani nyingine. Kila mkusanyo una namba yako mwenyewe, inayoanzia 1 na kuendelea maisha yako yote, bila kurudiwa na bila kuanza upya kila mwaka. Huu ni mfano, nimeutengeneza kwa ndulele ya kawaida ili uone kiasi cha maelezo kinachotakiwa:

> Solanaceae. Solanum campylacanthum (imetambuliwa na mkusanyaji).
> Tanzania, Mkoa wa Morogoro, Manispaa ya Morogoro, Kihonda, kando ya barabara ya vumbi, mita 20 kutoka mfereji. Mwinuko: m 500 hivi. Latitudo na longitudo kama zilivyo kwenye simu, pamoja na kiwango cha kukosea.
> Udongo wa kichanga, mahali wazi palipolimwa zamani; pamoja na nyasi na mihina.
> Kichaka kilichosimama, m 1.2, chenye matawi mengi kuanzia chini. Miiba michache kwenye shina, imepinda kuelekea chini. Majani ya kijani-kijivu juu, meupe zaidi chini. Maua ya zambarau. La chini kwenye shada lina kijiti kirefu, matano ya juu yana kifupi. Tunda changa kijani lenye mabaka, lililoiva njano, sm 2.5. Vingi mahali hapa, zaidi ya vichaka 50.
> Jina la wenyeji: ndulele (Kiswahili).
> Mkusanyaji (jina lako), namba 14. Tarehe. Nakala 3, tunda kwenye spiriti, jani kwenye silika.

Usiandike "Morogoro" tu. Mwandikie mtu atakayekuja baada ya miaka 50 akitaka kusimama uliposimama wewe. Barabara itakuwa imehama, na mti mkubwa uliouelekeza utakuwa umeanguka. Majina ya mito, vilima na vijiji hudumu zaidi, hivyo taja mto au kilima kilicho karibu.

Kupeleka

Tanzania kuna hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha. Kenya kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, yenye mkusanyiko mkubwa kuliko zote katika ukanda huu. Uganda kuna ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wasiliana nao kabla ya kufika, uliza wanataka nakala ngapi, na usishangae wakiuweka mzigo wako kwenye friza kwa siku kadhaa kabla ya kuuingiza ndani. Wanaua wadudu, kwani mbawakawa mdogo mmoja akiingia anaweza kula kabati zima la kazi ya watu wa karne nzima.

Picha ziweke pia iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe, ambako watu wanaoijua jamii hii watazitazama. Lakini ukishuku kwamba umeona mtula adimu, chagua mipangilio ya kuficha mahali halisi kabla ya kuchapisha. Latitudo na longitudo kamili uwape hebaria peke yao.

Usikimbilie kusema umepata spishi mpya. Andika "Solanum sp.", yaani Solanum ambayo spishi yake haijajulikana, na useme inatofautianaje na zile unazozijua, basi. Kumlinganisha mgeni wako na karatasi zote zilizoko makabatini ni kazi ya miaka, na wenye kazi hiyo ni wachache. Mwaka mmoja ukipita kimya, andika barua ya upole ukitaja namba yako ya mkusanyo.

Jibu likija, litakuwa kipande kidogo cha karatasi kilichogundishwa pembeni mwa sampuli: jina, aliyelitambua, mwaka. Omba picha yake. Rudi nayo kijijini, umwonyeshe yule mzee aliyekupa jina la kwanza, na umsomee jina lake alilokuambia lilivyoandikwa kwenye lebo, ahakikishe kama umelipatia.